Mwanne Asiyechoma Nywele

Ukitaka Mwanne akuondoe barazani kwake, mwombe akupige pasi ya nywele. Hatakutukana. Atakutazama kichwani, atakutazama usoni, kisha atasema, "Pasi ni ya mashati, mwanangu. Shati likiungua Shaibu atakushonea jingine. Kichwa tutakushonea na nini?" Na akishasema hivyo atakusogezea kigoda ukae, maana hata kufukuza hajui.

Tumepanga nyumba moja naye hapa Nzuguni. Vyumba vyao vinatazamana na vyetu, katikati kuna uwanja wa mchanga mwekundu wenye bomba na kamba za nguo. Mumewe, Shaibu, ni fundi cherehani. Mashine yake iko upande mmoja wa baraza, Mwanne na vichwa vya watu wako upande wa pili. Kutwa cherehani inakwenda huku na midomo inakwenda kule. Shaibu ni mpole, hasemi kitu, ila mara mojamoja utamsikia, "Mwanne, mchekeshe taratibu huyo, karibu nishone kidole."

Kazi ya Mwanne ni kuviringisha nywele za mtu mwenyewe, bila moto wowote. Mteja anakuja na nywele zake, si rasta wala wigi, anataka ziwe na mawimbi yanayodondoka kama ya wale wasichana wa kwenye simu. Mwanne anamwosha kwanza. Maji ya bomba letu yana chumvi, ukioshea nywele zinakakamaa kama katani, kwa hiyo mwisho anasuuza kwa maji aliyokamulia ndimu. Bamia huwa amezikata tangu jana yake na kuzilowesha kwenye bakuli, na ule utelezi anauchuja kwa kitambaa. Anapaka utelezi, anapaka mafuta ya alizeti kidogo tu, kisha anagawa nywele mafungumafungu. Kila fungu anaanza nchani, analizungusha kwenye kitambaa kirefu chembamba, anapanda nalo mpaka karibu na ngozi, anafunga kifundo. Basi. Unaambiwa nenda kapike, nenda kafue, nenda popote, upepo wa Dodoma utamalizia. Ukija kufunguliwa, nywele zinashuka moja baada ya nyingine, laini, zimejikunja zenyewe, na hakuna harufu ya kuungua.

Hivyo vitambaa ni mabaki ya cherehani ya Shaibu. Ndiyo maana ukipita mtaani kwetu unajua fundi anashona nini wiki hii. Akiwa na kazi ya harusi, wanawake wanatembea na satini kichwani kama maua ya ukumbini. Zikifika sare za shule, utaona mama mzima anaenda gengeni na vifundo vya bluu na vyeupe, na vijana wa bodaboda wanamwuliza, "Mama, umepangiwa shule gani?"

Nilimwuliza siku moja alianzaje, nikiwa namnyonyesha Denis, mtoto wangu wa pili, na yeye anachambua mchele. Akaniambia alipokuwa msichana alifanya kazi saluni huko mjini. Drai zilikuwa zinanguruma asubuhi mpaka jioni na pasi hazizimwi. Akapata mimba ya mwanawe mkubwa, Abdulnasiri, na mimba ile ikakataa harufu ya nywele zinazoungua. "Nilikuwa nikishika pasi natapika. Mteja amekaa, mimi nimekimbilia nje. Nikasema nikishajifungua nitarudi. Nikajifungua. Mtoto akatoka, kichefuchefu kikabaki." Akacheka, akapuliza makapi. "Ndipo nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akitufunga vitambaa kila Idi ikikaribia. Sikujua kama ni ufundi. Nilijua ni kuteswa tu."

Yeye ni Mnyamwezi, ukimwuliza, ingawa kazaliwa hapahapa Dodoma na kwao Tabora alifika mara moja tu, kwenye msiba. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya biashara ya zamani, akiwa na mzigo kichwani, akapumzika, akaoa, na mapumziko hayajaisha mpaka leo. Lakini Unyamwezi wake anautumia. Sisi huku ni Wagogo wengi, na Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mgogo akifariki mtaani kwetu, Mwanne anajifunga kanga mbili na kwenda kuwasumbua wafiwa. Analala njiani wasitoke, anaficha mwiko wa wapishi, anamwuliza marehemu kwa nini ameondoka bila kumaliza deni la karanga. Watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna wa kumkasirikia, mtani hakasirikiwi.

Sasa nisimulie habari ya Frida.

Frida ni binti yangu mkubwa. Alikuwa anamaliza chekechea, Januari aingie darasa la kwanza, na kule anakoingia wasichana wote wananyolewa. Alilijua hilo kwa sababu watoto wakubwa wa mtaani walimwimbia kila alipopita. Ana nywele nyingi sana, za upande wa baba yake, nene, nikizichana tunagombana. Hakuwahi kuzijali. Lakini tangu aambiwe zitakatwa, akawa anakaa kwenye kizingiti akiwatazama wateja wa Mwanne wakifunguliwa vifundo, kidole mdomoni.

Jioni moja akaniambia, "Mama, mimi zangu hazijawahi kucheza."

"Kucheza vipi?"

"Hivi." Akatikisa kichwa. Nywele zake, nilizokuwa nimezisuka mabutu, hazikwenda popote. "Za yule dada zilicheza. Nataka zicheze siku ya mahafali. Siku hiyo tu, halafu mkate."

Mwanne alikuwa amesikia ng'ambo ya uwanja, yeye husikia kila kitu. Akaita, "Mama Frida! Mlete Ijumaa asubuhi. Na wewe bibie, ukilia hata chozi moja nakuachia njiani, upande mmoja una mawimbi, upande mwingine mchicha."

Ijumaa hiyo, siku moja kabla ya mahafali, akamfunga. Frida hakulia. Alikaa kwenye kigoda amefumba macho kama anaombewa. Wiki ile Shaibu alikuwa ameshona majoho ya watoto wa chekechea, meusi yenye kola nyekundu, kwa hiyo vitambaa vilikuwa vyeusi na vyekundu. Alipoinuka alitembea shingo imenyooka kama amebeba ndoo. Akakataa kucheza na wenzake. Akakataa kuegemea ukuta. Mwanne akamwambia, "Vumilia mpaka kesho asubuhi, mama. Nywele zako ni msitu, zinachelewa kukauka."

Mchana nikamwacha chini ya uangalizi wa Mwanne, nikambeba Denis mgongoni, nikaenda stendi kumpokea mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu, Bibi Loisi, anakaa Mpwapwa. Ni mzee wa umoja wa akina mama kanisani kwao, mpole, mwenye sauti ndogo, anayenipenda kuliko ninavyostahili. Alikuwa anakuja kwa ajili ya mahafali ya mjukuu. Lakini basi liliwahi, mimi nikachelewa, na yeye hakuwa mtu wa kukaa stendi na furushi. Akachukua bodaboda mpaka nyumbani. Mimi niko kule nauliza kila basi, yeye keshafika.

Nilivyokuja kusimuliwa baadaye ni hivi. Shaibu alikuwa msikitini. Mwanne alikuwa jikoni nyuma, anasonga ugali. Frida alikuwa amechoka kunyoosha shingo, usingizi ukampitia kwenye mkeka ndani ya mlango wetu. Bibi akaingia na jogoo mkononi na furushi kichwani, akamkuta mjukuu wake amelala chali, kichwa chote kimejaa vifundo vya vitambaa vyeusi na vyekundu, kinanukia kitu asichokijua, na ukimgusa anateleza.

Nyeusi na nyekundu. Mtu wa huku kwetu hahitaji kuambiwa hizo ni rangi za nani. Kila aliyewahi kupita karibu na kwa mganga ameziona.

Bibi alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza ya Shaibu, akachukua mkasi wa Shaibu, akapiga magoti.

Niliporudi nilimkuta bado amepiga magoti. Midomo yake ilikuwa inaomba, na mkasi ulikuwa unakata kitambaa cha mwisho. Vingine vilikuwa vimelala mkekani kama nyoka waliouawa. Frida alikuwa ameamka. Nywele zake, ambazo hazijakauka, zilikuwa zimesimama huku na huku bila mpango. Alikuwa analia bila sauti, na mtoto akilia bila sauti ujue jambo limefika ndani.

"Mama, shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Funga mlango." Hakugeuka. "Nani amemfunga mtoto hirizi?"

"Mama, hizo si..."

"Sikulaumu. Wewe bado mdogo, mtu anaweza kukushawishi. Mtoto alikuwa anaumwa? Kwa nini hukunipigia simu?"

"Mama, hajaumwa. Ni nywele. Anaviringishwa nywele."

"Kwa nyeusi na nyekundu?"

Joho la Frida lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikalishusha nikampa. Akalishika kola. Akaokota kitambaa kimoja mkekani. Akaviweka pamoja, akavisugua kwa kidole gumba kama mama anayenunua kitenge.

"Na huu ute?" akauliza, sauti imeshuka.

"Bamia."

"Bamia?"

"Bamia, mama."

Akaketi chini kabisa. Frida akapata sauti yake. "Bibi, umekata mahafali yangu," akasema, kisha akalia kwelikweli, na Denis mgongoni akamsaidia.

Kilio hicho ndicho kilichomleta Mwanne. Alitokea na mwiko mkononi, ugali bado umegandia. Akasimama mlangoni. Akaona vitambaa, akaona mkasi, akaona kitabu cha nyimbo za kanisani kimewekwa kwenye mto wa Frida. Hakuhitaji kuambiwa. Niliona uso wake ukibadilika. Mtu uliyeishi naye ua mmoja, mkachangia chumvi na moto, unamjua anapoumia, hata kama ni kidogo. Nilitamani ardhi inifiche. Nilikuwa nikiwaza kesho tutatazamanaje, na nani atamshika tena mtoto wangu kichwani.

Mwanne akaweka mwiko juu ya ndoo. Akainama, akaanza kuokota vile vitambaa kimoja kimoja, akivinyoosha pajani. Vingi vilikuwa vimekatwa vipande vifupi visivyofunga kitu.

Bibi Loisi akasema, "Mwanangu, nimekudhania vibaya."

Mwanne alinyoosha kitambaa kingine. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Bibi ni Mgogo wa wapi?"

"Mpwapwa."

"Mgogo kabisa?"

"Baba na mama."

"Haa!" Mwanne akasimama, mikono kiunoni, na nikaona bega lake limelegea, akamsalimu Kigogo. "Mbukwenyi, mtani! Mimi ni Mnyamwezi. Yaani umenifanya mganga na hata kuku hujanipa?" Akageuka barazani. "Kumbe kaja naye. Jogoo yule pale, amefungwa kwa fundi. Mgonjwa analetwa na malipo yake, huu ndio ustaarabu."

Pua ya Bibi ikatoa sauti, na mimi nikajua anacheka. Alikuwa anajizuia kwa sababu ya Frida.

"Kuku ni wa mjukuu wangu, wewe Mnyamwezi."

"Basi nitachukua kitu kingine. Sikiliza, mtani. Babu zangu walipita nchi yenu na mizigo ya watu kichwani, wana kiu, miguu imepasuka. Babu zenu wakakaa kwenye visima: hapiti mtu hapa, toa nguo. Wakatoa nguo. Wakafika kisima cha mbele: toa nguo. Babu yangu, wananiambia, alifika hapa Dodoma amebaki na kitambaa cha hapa tu." Akaonyesha mahali. "Ndiyo maana hakuendelea na safari, aliona aibu. Leo Mgogo kakanyaga baraza langu na mkasi wa mume wangu, kanikatia mali yangu. Toa nguo."

"Nguo gani?"

"Hiyo ya kichwani."

Bibi akashika kilemba chake kwa mikono miwili. Kilikuwa kipya, cha pamba laini, cha rangi ya maboga, na nilikuja kujua kwamba alikishonesha kwa ajili ya mahafali. "Hiki ni cha kesho!"

"Na nywele za mtoto zilikuwa za lini?"

Hata Frida aliacha kulia ili asikie. Bibi Loisi alimtazama mjukuu wake, zile nywele zilizosimama, macho yaliyovimba. Akakifungua kilemba. Kilikuwa kirefu, kikazunguka na kuzunguka, na chini yake kukawa na nywele nyeupe zilizosukwa mabutu madogo, ambazo mimi, mkwe wake wa miaka yote hiyo, sikuwahi kuziona. Akampa Mwanne.

Mwanne akauma pindo kwa meno, akavuta. Kilichanika kwa mlio mrefu, kipande baada ya kipande, na kila kilipochanika Bibi alifumba macho.

Hapo tukagundua bamia zimekwisha. Hata tukinunua nyingine gengeni zinataka kulala kwenye maji. Mwanne akasema labda tupake mafuta matupu, lakini aliikunja midomo, nikajua haamini. Bila utelezi nywele za Frida hazishiki umbo. Zinatoka zimekunjika siku ile, zikifika kwenye upepo zinafumuka.

"Mimi nina mlenda," Bibi akasema.

"Tunatengeneza nywele, mtani, hatujafika kwenye chakula."

"Mlenda wa porini, mkavu, nimeuanika mwenyewe. Ukiulowesha kwa maji baridi unavutika kuliko bamia zako. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunaoshea kichwa, sabuni ilikuwa ya kutafuta." Alikuwa keshafungua furushi. "Unaufanya ugali ukimbie wenyewe kooni. Utashindwa na nywele?"

"Nyie Wagogo," Mwanne akasema, "mchana mnakula, usiku mnapaka."

"Na nyie Wanyamwezi mkipewa mnakula bakuli na kibuyu."

Mlenda ukaloweshwa. Ukaachwa kidogo, ukachujwa kwa kitambaa kama Mwanne anavyochuja bamia, na kweli, ukiinua mkono unanyooka mpaka chini. Ulikuwa na ukijani kidogo. Frida akaukunjia pua. "Nitanuka mboga."

"Utanuka kwenu," Bibi akamwambia.

Mwanne alianza upande wa kulia. Bibi alikaa akimtazama, mikono imetulia mapajani, lakini vidole havikutulia. Mwishowe akasogea, akachukua fungu la upande wa kushoto bila kuomba ruhusa. Mwanne anaanzia nchani na kupanda. Bibi alianzia kwenye ngozi akashuka, akizungusha kwa nguvu, na mwisho akapiga fundo mara mbili.

"Mtani, unafunga mtoto au mbuzi?"

"Mbuzi niliyemfunga mimi hajawahi kukutwa shambani kwa mtu."

"Legeza. Macho ya mtoto yamekuwa ya Kichina."

"Frida, inauma?"

Frida akasema haiumi. Macho yalikuwa na machozi, lakini alisema haiumi.

Walipomaliza vilibaki vitambaa, na Bibi akawa amekaa kichwa wazi, akikigusagusa kama mtu aliyepoteza kitu. Mwanne akamtazama. "Kesho utaingia shuleni hivyo?"

"Nitajifunga kanga."

"Njoo hapa."

"Mimi? Mzee mzima?"

Frida, na kichwa chake cha vifundo vya rangi ya maboga, akamshika Bibi mkono akamvuta mpaka kwenye kigoda. "Ukifungwa na wewe, mimi sitakukasirikia tena."

Kwa hiyo baba Frida aliporudi jioni kutoka saiti ya ujenzi huko Mkonze, akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, alimkuta mama yake mzazi amekaa barazani kwa fundi, vifundo kichwa kizima, anachambua karanga na Mwanne. Akasimama. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Samahani," akasema, "nimekosea nyumba." Akatoka tena mpaka Mwanne alipokwenda kumrudisha.

Asubuhi hatukunywa hata chai kwanza. Frida aliamka akanivuta mpaka kwa Mwanne kabla Shaibu hajafunua cherehani. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nywele zikifunguliwa mara ya pili na kukataa, hakuna ya tatu, mahafali yanaanza saa tatu, na baada yake ni mkasi.

Mwanne alifungua kifundo cha kwanza upande wake. Alilishika fungu, akalisukuma juu kidogo, akaliachia. Likashuka taratibu, laini, limejikunja vizuri mpaka begani. Cha pili hivyohivyo. Bibi akasogea na kufungua chake, mafundo mawili, kwa meno. Fungu lile halikushuka. Liliruka. Lilijikunja dogodogo, limebana kama springi ya kalamu, likaishia sikioni. Na la pili likaruka. Na la tatu.

Tukatazamana. Upande mmoja wa kichwa cha mwanangu ulikuwa wa mtoto mmoja, upande mwingine wa mwingine. Bibi akaweka kiganja mdomoni. Mwanne alikuwa akijaribu kuuvuta upande wa kushoto kwa vidole, urefuke kidogo, na kila akiachia unarudi juu.

"Nipeni kioo," Frida akasema.

Mwanne akamshushia kile kioo cha ukutani cha wateja wa Shaibu. Frida akajitazama. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Kisha akatikisa kichwa, kidogo, kama anayeonja chai ya moto. Upande wa Mwanne ukayumba. Upande wa Bibi ukadundadunda. Akatikisa tena kwa nguvu.

"Huku zinacheza," akasema, akishika kulia. Akashika kushoto. "Huku zinaruka kamba!"

Bibi Loisi akatoa kiganja mdomoni. Mwanne akakaa chini kwenye kizingiti, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Haki ya Mungu, mtani, ulitaka kuniua."

Tulikwenda wote. Nilimbeba Denis, Bibi alikuwa na nywele nyeupe zilizojikunja kuzunguka paji la uso, na nilimwona akijitazama kwenye kila kioo cha gari lililoegeshwa njiani. Mwanne alivaa ushungi wake wa Idi. Upepo ulikuwa mkali, vumbi linazunguka uwanja wa shule mpaka mahema yanavimba, na akina mama wenye mawigi walikaa wameyashika kwa mkono mmoja. Watoto wa majoho meusi wakasimama mbele kuimba. Wenzake wote waliimba. Frida alitikisa kichwa. Alikitikisa ubeti wa kwanza, akakitikisa kwenye kiitikio, akasahau maneno yote, na watoto waliokuwa karibu naye wakaacha kuimba wakamtazama, kisha nao wakaanza kutikisa vyao.

Mwalimu wake, Mwalimu Violeth, akatuuliza baadaye, "Nani kamtengeneza huyu? Na mbona nasikia harufu ya mlenda?"

"Mganga wetu," Bibi akajibu, sura imetulia kabisa, akamwonyesha Mwanne. "Lakini ana masharti magumu. Mimi alinivua nguo."

Mwanne alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya hema.

Kulikuwa na mpiga picha. Alimsimamisha Frida mbele ya maua ya plastiki, akamwambia, "Tulia, mtoto mzuri." Hakutulia. "Tulia kidogo tu." Akatikisa. Mpiga picha akamwomba, Bibi akamwomba, mimi nikamtisha. Picha zilipokuja, kwenye ile bora kuliko zote joho linaonekana vizuri, viatu vinaonekana, meno yanaonekana, mpaka lile pengo la mbele. Nywele ni ukungu mweusi mtupu uliojaa pande zote mbili, hujui huku ni wapi na kule ni wapi.

Baba Frida aliitazama, akasikitika. Akasema tungemshika kichwa. Zimeshanyolewa sasa, Januari ilikuja na darasa lake la kwanza, na hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo. Mimi pia nilisikitika kidogo. Nilimpelekea Mwanne aione, nikamwambia, pole, kazi yako yote haijaonekana.

Aliishika karibu na macho, akaipeleka mbali, akaicheka peke yake. Kisha akanyanyuka, akachukua pini kwenye kopo la mumewe, akaibandika ukutani barazani, juu ya kigoda, pale mteja anapokaa.

"Mwanne, hiyo haionyeshi kitu," nikamwambia.

"Nani kasema?" Alikuwa bado anaitazama, kichwa kimeinama upande. "Angetulia, ungejuaje kama zilicheza?"